SAJILI YA GEREJI NA HATARI YA NENO MOJA: SOMO LA KUBADILISHA MAFUTA YA USUKANI, KEUMBU

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sajili ya gereji kwa kutazama kazi moja mahususi, nayo ni kubadilisha mafuta ya usukani katika gari lililokwisha kuzeeka. Hoja yetu kuu ni kwamba neno 'mafuta', kama linavyotumiwa na mafundi pamoja na wateja wao, hubeba vitu vyenye tabia tofauti kabisa, na kwamba utata huo wa kimsamiati waweza kuharibu gari na hata kuhatarisha maisha. Tunaanza na tukio tulilolishuhudia, kisha tunaeleza namna usukani unavyofanya kazi, tunatoa somo lenyewe kwa Kiswahili hatua kwa hatua, na hatimaye tunaichambua lugha ya somo hilo kwa manufaa ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Keumbu ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Keroka na Sotik, katika eneo la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Nchi hii ni ya milima na mabonde. Gari litokalo hapa kwenda upande wowote ule halina budi kupanda, kuteremka na kukata kona, aghalabu likiwa limebeba abiria au mikungu ya ndizi. Katika mazingira kama haya uhai wa msafiri umo katika usukani na breki.

Magari mengi ya hapa ni makuukuu. Nchini Kenya, kiwango cha KS 1515:2000 huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ng'ambo ikiwa halijapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Baada ya hapo gari hutumika kwa miaka mingi mingine, likipita mikononi mwa mmiliki mmoja baada ya mwingine. Mengi yao hutoka Japani, na maandishi ya onyo yaliyo chini ya boneti pamoja na kijitabu cha maelekezo huwa kwa Kijapani. Makopo ya mafuta madukani yameandikwa kwa Kiingereza. Fundi na mwanagenzi wake huzungumza Ekegusii na Kiswahili. Kwa hiyo, kati ya aliyeliunda gari na anayelitengeneza pana ng'ambo mbili za lugha, na mara nyingi hakuna daraja.

Tulishuhudia tukio moja katika gereji ya juakali. Mjomba wetu, mwalimu mstaafu, alileta Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 1996. Mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Fundi, usukani unalia nikikata kona, tena umekuwa mzito."

"Ni mafuta yamepungua, mwalimu. Tutaongeza sasa hivi." Kisha akamgeukia mwanagenzi: "Kijana, ongeza mafuta kwenye kikopo."

Kijana yule alikuwa na miezi miwili kazini. Alifungua boneti, akaona vikopo viwili, kila kimoja kikiwa na kifuniko cheusi na alama ya kiwango ubavuni. Akachagua kile alichokiona kimepungua, akakijaza mafuta mekundu. Kilikuwa kikopo cha breki. Siku ya tatu, mjomba akiteremka kutoka upande wa Keroka, magurudumu yalianza kukamatwa na breki bila yeye kuzikanyaga, yakapata joto na kutoa harufu ya kuungua. Muda mfupi baadaye kikanyagio kikazama hadi chini. Alilisimamisha gari kwa kushusha gia na kuvuta breki ya mkono. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo ilibidi sehemu zote za mpira katika mfumo wa breki zibadilishwe, na kijana akafukuzwa kazi siku iyo hiyo.

Tangu wakati huo tumejiuliza swali moja: je, kijana yule alikosa nini? Aliambiwa aongeze mafuta, naye akaongeza mafuta. Aliambiwa aongeze kwenye kikopo, naye akaongeza kwenye kikopo. Agizo alilitimiza neno kwa neno. Kasoro ilikuwa katika agizo lenyewe, na agizo ni suala la lugha. Hii ndiyo sababu somo la gereji limeingia katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Usukani: Kutoka Chomboni hadi Garini

Kabla ya kuingia katika somo, yafaa tutazame neno 'usukani'. Asili yake ni Kiarabu, sukkān, kwa maana ya kifaa cha kuongozea chombo cha majini. Waswahili wa pwani walilitumia kwa majahazi karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika Afrika Mashariki. Gari lilipokuja, lugha haikulazimika kubuni. Ilipanua maana ya neno lililokuwapo. Leo fundi wa Keumbu, aliye mbali na bahari, hutumia neno la nahodha kila siku, ingawa yeye na wenzake husema pia 'stiaringi'. Usemi wa wahenga kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo unamhusu dereva kama unavyomhusu baharia.

Usukani wa zamani ulitegemea nguvu za mikono ya dereva pekee. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis alishughulikia usukani unaosaidiwa na shinikizo la mafuta katika miaka ya 1920, lakini ni mwaka 1951 ambapo kampuni ya Chrysler iliuza gari la kwanza la abiria lenye mfumo huo, aina ya Imperial. Tangu hapo mfumo huo umeenea duniani kote.

Utendaji wake ni huu. Injini huzungusha pampu kwa njia ya mkanda. Pampu hunyonya mafuta kutoka kikopo na kuyasukuma kwa nguvu kupitia paipu ya shinikizo hadi kwenye kisanduku cha usukani. Humo mna vali inayofunguka kufuatana na upande ambao dereva amegeuza usukani; mafuta huelekezwa upande huo na kusaidia kuyasukuma magurudumu. Yakiisha kufanya kazi, hurudi kikoponi kupitia paipu ya kurudisha. Dereva akikata kona kali gari likiwa limesimama, shinikizo hilo huweza kufika mara 70 ya kanieneo ya hewa au zaidi.

Kutokana na maelezo hayo, mafuta ya usukani yana kazi tatu: kusafirisha nguvu, kulainisha vyuma vinavyosuguana, na kuondoa joto. Mafuta hayo huchakaa. Joto huyaunguza, unga wa chuma kutoka pampuni huyachafua, na chembe za mpira kutoka katika sili na paipu huyafanya mazito na meusi. Pampu inayozungusha uchafu huo husagika, na uchafu wa kusagika kwake huongeza uchafu uliopo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: lita mbili za mafuta ni nafuu kuliko pampu na kisanduku cha usukani.

Pampu ikikosa mafuta usukani haukatiki. Muungano wa vyuma kati ya usukani na magurudumu hubaki. Lakini huwa mzito ghafla, na uzito wa ghafla katikati ya kona ya mteremko ni hatari ya kutosha.

3.0 Utata wa Neno 'Mafuta'

Mzungumzaji wa Kiswahili hutumia 'mafuta' kwa vitu vingi: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya injini, ya gia, na hata petroli na dizeli, kama pale dereva anapoingia kituoni na kusema "weka mafuta". Hali hii si ya Kiswahili pekee. Katika Ekegusii neno ni amaguta, ambalo ni ndugu wa 'mafuta' kwa asili ya Kibantu, na mawanda yake ni mapana vivyo hivyo. Kwa hivyo mwanagenzi wa Keumbu haokolewi na lugha yake ya kwanza. Inamthibitishia upana uleule.

Katika matumizi ya kawaida upana huu hauna madhara, kwa kuwa muktadha hufafanua. Mama akimtuma mtoto dukani akalete mafuta ya kupikia, mtoto hatarudi na grisi. Tatizo hutokea pale muktadha unapokuwa mmoja, yaani chini ya boneti moja, na vitu vinavyoitwa kwa jina hilo vikawa zaidi ya kimoja. Hebu tutazame viwili vinavyotuhusu.

Mafuta ya usukani ni mafuta kwa maana halisi. Hutokana na petroli ghafi au hutengenezwa kwa njia za kikemia ili yafanane nayo. Katika magari mengi ya zamani ya Toyota, mafuta yanayoagizwa ni yaleyale ya giaboksi ya otomatiki, ya aina ya Dexron II au Dexron III. Dexron ni jina lililobuniwa na General Motors. Aghalabu huwa mekundu. Sili za usukani zimetengenezwa kwa aina ya mpira inayostahimili mafuta ya namna hiyo.

Kinachoitwa 'mafuta ya breki' si mafuta. DOT 3 na DOT 4, ambazo ndizo zitumiwazo katika magari mengi, hutokana na kemikali za jamii ya glikoli. Hunyonya unyevu wa hewani, huchanganyika na maji, na hubambua rangi ya gari zikimwagikia bodi. Sili za breki zimetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, ambao hustahimili glikoli lakini huvimba na kulainika ukiguswa na mafuta ya petroli. Ndiyo maana breki za mjomba zilikamata kwanza, kisha zikakosa nguvu: sili zilivimba zikaziba njia ya kurudi, halafu zikaharibika. Kinyume chake nacho ni kibaya. Kioevu cha breki kikitiwa katika usukani huharibu sili zake, uvujaji huanza, na pampu husagika kwa kukosa ulainisho.

Msomaji anaweza kuthibitisha tofauti hiyo kwa jaribio la bilauri mbili za maji. Tia matone machache ya mafuta ya usukani katika bilauri ya kwanza, yataelea juu. Tia matone ya DOT 3 au DOT 4 katika ya pili. Ukikoroga yatatoweka majini. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganyiki na maji, lakini ni nadra katika magari ya kawaida.

Jina 'mafuta ya breki', basi, ni jina lenye uwongo ndani yake. Humfundisha mwanagenzi kwamba vitu hivi viwili ni jamii moja, ilhali kemia inasema sivyo. Tunapendekeza kitu hiki kiitwe 'kioevu cha breki'. Neno 'kioevu' linafahamika shuleni katika masomo ya sayansi, nalo halidai kwamba kitu ni mafuta.

4.0 Somo: Kubadilisha Mafuta ya Usukani

Maelekezo yafuatayo yanahusu gari dogo lenye usukani wa pampu ya mafuta. Soma hatua zote kabla ya kuanza.

4.1 Vifaa

Andaa mafuta mapya ya aina iliyoagizwa, lita 2. Mfumo wa gari dogo huchukua takriban lita 1, na yanayobaki ni ya kusafishia. Andaa pia jeki, stendi mbili za kuegemezea gari, kabari mbili, koleo, bomba kubwa la sindano lisilotiwa sindano kama yale yauzwayo katika maduka ya dawa za mifugo, paipu fupi ya plastiki, chupa tupu za lita 2, kizibo cha mpira, vitambaa safi na glavu. Utahitaji mwenzako mmoja wa kuzungusha usukani.

4.2 Hatua

1. Hakikisha kwamba gari lina mfumo wa mafuta. Magari mengi ya siku hizi yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Toyota Prius imekuwa hivyo tangu 1997. Gari la namna hiyo halina kikopo cha usukani, na mtu asiyejua hilo anaweza kukitafuta mpaka akakipata cha breki.

2. Tambua kikopo. Fuata paipu zake kwa macho na kidole. Kikopo cha usukani huunganishwa na pampu iliyo kando ya injini, inayozungushwa na mkanda. Kikopo cha breki hukaa juu ya silinda kuu ya breki, kwenye ukuta ulio mbele ya dereva. Ukishakitambua, kifunge kitambaa chekundu kikopo cha breki ili mtu yeyote asikiguse mpaka kazi iishe.

3. Tambua aina ya mafuta. Soma kifuniko cha kikopo au kijitabu cha gari. Usikisie kwa rangi. Honda, kwa mfano, huagiza mafuta yake maalumu ya usukani, na baadhi ya magari ya Ulaya hutumia mafuta ya kijani ambayo hayachanganywi na mekundu.

4. Kagua mafuta ya zamani. Chovya kitambaa cheupe. Rangi nyekundu ni dalili njema. Kahawia au nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili ya uchakavu. Punje zinazometameta ni chuma kilichosagika. Povu ni hewa iliyoingia. Kiwango kikiwa chini sana, tafuta mahali panapovuja kwanza, kwani kubadilisha mafuta hakuzibi tundu.

5. Egesha gari mahali tambarare, zima injini na uiache ipoe. Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele kwa jeki, kisha uliegemeze gari juu ya stendi. Kamwe usifanye kazi chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

6. Nyonya mafuta yote yaliyomo kikoponi kwa bomba la sindano na kuyatia katika chupa tupu.

7. Chomoa paipu ya kurudisha kutoka kikoponi. Hii ndiyo iliyobanwa kwa kibano cha kawaida. Paipu ya shinikizo hufungwa kwa viungo vya chuma, nayo usiiguse. Ziba tundu la kikopo kwa kizibo. Unganisha paipu ya kurudisha na paipu ya plastiki, na uielekeze ndani ya chupa.

8. Jaza kikopo mafuta mapya. Mwenzako ageuze ufunguo ili kufuli ya usukani ifunguke, lakini asiwashe injini. Azungushe usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia na kurudi. Mafuta machafu yatatoka chupani. Endelea kuongeza mapya. Usiache kikopo kikauke, kwani pampu itavuta hewa. Acha pale yanayotoka yatakapofanana na yanayoingia.

9. Zibua tundu la kikopo, chomeka paipu ya kurudisha na ukaze kibano. Jaza kikopo hadi alama ya kiwango cha baridi.

10. Toa hewa. Injini ikiwa bado imezimwa, mwenzako azungushe usukani mwisho hadi mwisho mara 15 au 20. Ongeza mafuta kila kiwango kinaposhuka.

11. Teremsha gari. Washa injini na uzungushe usukani polepole pande zote mbili. Usiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde 5, kwa maana shinikizo huwa kubwa mno hapo. Mlio wa kuguna au povu kikoponi ni ishara kwamba hewa imo. Zima injini, ngojea povu litulie, urudie hatua ya 10.

12. Injini ikipata moto, hakikisha kwamba kiwango kimefika alama ya moto bila kuipita. Kagua viungo vyote kwa uvujaji. Kifungue kile kitambaa chekundu mwisho kabisa.

4.3 Mafuta machafu

Desturi ya kumwaga mafuta machafu mtaroni iachwe. Maji ya nyanda hizi za Gusii kwa sehemu kubwa huishia Mto Gucha, nao hutiririka hadi Ziwa Viktoria. Kinachomwagwa leo gerejini kitanywewa na mtu kesho. Yahifadhi katika chupa iliyofungwa na kuandikwa jina, uyapeleke kwa wanaokusanya mafuta yaliyotumika.

4.4 Ikiwa kosa limetendeka

Mtu akitia mafuta katika kikopo cha breki, asikanyage breki wala kulisogeza gari. Kikopo kinyonywe papo hapo, kisha mfumo ukaguliwe na fundi mwenye uzoefu. Breki zikiwa zimekwisha kukanyagwa, mafuta yamesambaa, na sili zote sharti zibadilishwe. Akitia kioevu cha breki katika usukani, asiwashe injini. Mfumo mzima usafishwe kwanza. Aliyekosea aseme mara moja. Naye mkubwa wa gereji amfanye mwanagenzi awe na ujasiri wa kusema, kwa sababu kosa linalofichwa kwa hofu ya kufukuzwa ndilo linaloua.

5.0 Uchambuzi wa Lugha ya Somo

Somo lililotangulia linatupa mambo manne ya kuzingatia kiisimu.

Kwanza ni kauli ya kutendua. Kazi ya gereji ni kufungua na kufunga, na Kiswahili kina njia ya kimofolojia ya kueleza kinyume hicho kwa mzizi mmoja: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Mwanagenzi akijua kwamba kila alichokizibua hana budi kukiziba, tayari ana orodha ya ukaguzi ndani ya kitenzi. Walimu wanaofundisha mnyambuliko kwa mifano ya vitabuni pekee wangepata mifano hai gerejini.

Pili ni hali ya kitenzi. Hatua zimetolewa kwa hali ya kuamrisha, "zima", "nyonya", "ziba", kwa vile msomaji ni mtendaji. Kitendo cha mtu wa pili kimetolewa kwa hali tegemezi, "azungushe", "asiwashe". Tofauti hiyo ndogo ya viambishi huonyesha ni nani afanye nini. Maelekezo yanayosema "usukani uzungushwe" bila kumtaja mtendaji huwaacha watu wawili wakitazamana.

Tatu ni utata wa maneno mengine. 'Mpira' gerejini ni tairi, ni paipu, ni sili. Katika somo tumetumia 'paipu' na 'sili' makusudi, ijapokuwa ni maneno ya mkopo, kwa sababu mafundi wanayajua na kila moja lina maana moja tu. Neno la mkopo lililo wazi ni bora kuliko la asili lenye utata. Kwa upande mwingine, 'toa hewa', ambalo ni la mafundi wenyewe, halihitaji kutafutiwa mbadala wowote.

Nne ni muundo wa agizo. Agizo la "ongeza mafuta kwenye kikopo" lina kitenzi, kitu na mahali, kisarufi limekamilika. Kimatumizi limepungukiwa, kwa kuwa kitu hakikubainishwa aina, mahali hapakubainishwa, na kiasi hakikutajwa. Linganisha na hili: "Ongeza mafuta mekundu ya usukani katika kikopo kilicho kando ya pampu, hadi alama ya baridi." Agizo hili ni refu kwa maneno machache tu, na mwenye kulipokea anaweza kulirudia kabla ya kutenda ili aliyelitoa ahakikishe. Usarufi wa sentensi, basi, si dhamana ya usalama wake.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo ina maana ndogo kwa kijana wa gereji ikiwa maarifa anayoyahitaji hayapatikani katika lugha hiyo. Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi na isimu hungojea istilahi zitoke kwa wataalamu walioketi mezani. Somo hili limetuonyesha kwamba sehemu kubwa ya istilahi tayari imo vinywani mwa mafundi. Kinachohitajika ni kuisikiliza, kuipanga, na kuirekebisha pale inapodanganya, kama ilivyo katika 'mafuta ya breki'.

Tunapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni viwatume wanachama wao katika gereji za maeneo yao wakakusanye msamiati, kisha waandike pamoja na mafundi maelekezo ya ukurasa mmoja mmoja yatakayobandikwa ukutani. Ukurasa wa kwanza uwe na majina matano tu: mafuta ya injini, mafuta ya gia, mafuta ya usukani, kioevu cha breki, maji ya rejeta, na kando ya kila jina, mchoro wa mahali pake.

Kijana aliyefukuzwa siku ile sasa ni mwendeshaji wa bodaboda. Tulipomweleza tofauti ya vioevu hivi viwili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hayakuwa mafuta." Angalikuwa ameambiwa hivyo siku yake ya kwanza kazini, pengine leo angekuwa fundi.

7.0 Maswali ya Mjadala

1. Taja vitu vitano viitwavyo 'mafuta' katika eneo unakotoka. Ni vipi kati ya hivyo ambavyo ni mafuta kwa hakika?

2. Andika vitenzi sita vya gereji ambavyo vina kinyume chake katika kauli ya kutendua, na utunge sentensi ya maelekezo kwa kila kimoja.

3. "Neno la mkopo lililo wazi ni bora kuliko la asili lenye utata." Jadili ukirejelea sajili mbili tofauti na ya gereji.

4. Sikiliza agizo moja likitolewa katika karakana, jikoni au hospitalini. Lichambue kwa kuzingatia aina ya kitu, mahali na kiasi, kisha uliandike upya.

5. Linganisha neno 'mafuta' na neno la maana hiyohiyo katika lugha yako ya kwanza. Je, mawanda yake ni sawa?